Njia Tulivu ya Baiskeli Kati ya Bustani: Mstari Rahisi kwenye Ramani, Mgumu Barabarani

Chukua ramani ya jiji kubwa lolote, tafuta madoa ya kijani, kisha yaunganishe kwa kalamu. Ni kazi ya dakika tano, na ndiyo maana wanasiasa wa miji hawaishiwi michoro ya namna hii: kutoka bustani hii hadi ile kwa kupitia mitaa ya makazi yenye miti, mbali na barabara kuu, bila honi wala moshi. Ni nadra mtu kuupinga mchoro kama huo. Haugusi njia ya mabasi, hauondoi maegesho mbele ya maduka, na kwenye picha unapendeza.

Shida ni kwamba bustani zenyewe ndizo sehemu rahisi. Kinachoamua iwapo mzazi mwenye mtoto kwenye kiti cha nyuma ataizoea njia hiyo, au ataijaribu mara moja na kuiacha, ni zile mita mia mbili kati ya lango la bustani na mtaa wa nyuma, pale inapobidi kuvuka barabara ya njia nne. Ukitaka kuelewa kwa nini baadhi ya njia hizi hujaa watu na nyingine huota majani, usianze kutazama bustani. Tazama kilicho katikati.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1894 Brooklyn ilifungua njia ya baiskeli kando ya Ocean Parkway, kutoka upande wa Prospect Park kuelekea ufukwe wa Coney Island, na inatajwa kuwa ya kwanza Marekani kutengwa kwa ajili ya baiskeli. Barabara hiyo ilitokana na mawazo ya Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, walewale waliobuni Prospect Park, ambao waliamini mtu anapaswa kuanza kuionja bustani kabla hajafika langoni. Huko Boston, kuanzia 1878, Olmsted alisogea mbali zaidi kwa mlolongo wa bustani unaoitwa Emerald Necklace, wenye urefu wa karibu kilomita 11. Sehemu yake iitwayo Back Bay Fens ilikuwa kinamasi kilichonuka maji taka. Kazi ya kwanza pale ilikuwa kudhibiti maji, na uzuri ukapatikana humo humo.

Hilo la maji si la kupita tu. Ardhi nyembamba na ndefu ndani ya jiji haipatikani kwa kuwa kuna watu wanaopenda baiskeli. Hupatikana kwa kuwa pana mto, mfereji au reli iliyoachwa. Singapore ilianza kujenga viunganishi vyake vya bustani miaka ya 1990 kwa kutumia, kwa sehemu kubwa, vipande vya ardhi vilivyoachwa kando ya mifereji mikubwa ili mafundi wapate pa kupita. Ardhi ilikuwepo, imelala, na tayari ni ya umma. Leo mtandao huo umevuka kilomita 300. Copenhagen nayo ina njia ya kijani ya karibu kilomita 9 inayokatiza Frederiksberg na Nørrebro, sehemu kubwa ikiwa juu ya ardhi iliyokuwa ya reli. Inapita Nørrebroparken na Superkilen, ile bustani iliyofunguliwa 2012 yenye samani na alama kutoka nchi nyingi duniani.

Jiji lisilo na bahati hiyo halina budi kutumia mitaa, na ugumu unaanzia hapo.

Kwanza tuelewane njia hii ni ya nani. Mwaka 2006 Roger Geller, mratibu wa masuala ya baiskeli wa jiji la Portland, Oregon, aliwagawa wakazi katika makundi manne. Chini ya asilimia 1 ni wababe, wanaopanda baiskeli popote. Asilimia 7 hivi wana ari na wanajiamini, mradi wawe wametengewa nafasi kidogo. Theluthi moja hawatapanda kwa hali yoyote. Waliobaki, asilimia 60, wanatamani lakini wanaogopa. Takwimu zake zilikuwa makadirio ya mtu aliyeko kazini kuliko utafiti, ila tafiti zilizofuata za Jennifer Dill na Nathan McNeil zilikuta mgawanyo unaokaribiana na huo.

Njia tulivu ni ya hao asilimia 60. Naisisitiza hoja hii kwa sababu wanaoitwa kutoa maoni kwenye mikutano ya mipango miji mara nyingi ni wale wababe, ambao wataisifu njia yoyote kwa kuwa wao hawaihitaji, au wataidharau kwa kuwa inawachelewesha. Wote wawili hawatusaidii kupima kitu kilichokusudiwa mtu mwingine.

Utulivu unahesabika

Mkazi husema mtaa wake umetulia kwa kuusikiliza. Mhandisi huhesabu magari. Portland, ambayo ina mtandao mkubwa wa mitaa ya aina hii, hulenga magari 1,000 kwa siku au pungufu, na mtaa ukizidi 2,000 unahesabiwa kuwa na tatizo la kurekebishwa. Mamlaka ya usafiri ya London imeweka mpaka wake kwa saa: pasizidi magari 500 katika saa ya msongamano, pande zote mbili, kama baiskeli zitachanganyika nayo.

Namba hizi hazisemi mengi mpaka uzigeuze kuwa kile mpanda baiskeli anachokihisi mgongoni, yaani gari linalokuja nyuma na kumpita. Tufanye hesabu. Kwa mwendo wa kilomita 15 kwa saa, baiskeli inamaliza kilomita moja kwa dakika 4. Gari la mwendo wa 30 linaimaliza kwa dakika 2. Tofauti ni dakika 2, na magari yatakayokupita kwenye kilomita hiyo ni yale yatakayoingia mtaani nyuma yako ndani ya muda huo. Mtaa wa magari 1,000 kwa siku hupata takriban sehemu yake ya kumi katika saa ya msongamano: 100, yaani 50 kwa upande wako. Ndani ya dakika 2 hayafiki mawili. Huo ni mtaa ambao mtoto wa miaka kumi anaweza kuumudu.

Sasa chukua mtaa unaogusa mpaka wa London: 500 kwa saa, 250 upande wako. Yatakupita manane kwa kilomita, moja kila nusu dakika. Unavumilika, lakini hakuna atakayeuita mtulivu.

Jambo linalosahaulika ni mwendo. Acha magari yale yale 250 yaende kilomita 50 kwa saa badala ya 30. Kila gari linamaliza kilomita kwa dakika 1.2, tofauti inapanda hadi dakika 2.8, na sasa yanakupita karibu kumi na mawili. Yashushe hadi 20, nayo yatakupita manne tu. Idadi ya magari mtaani haijaguswa, na bado mara za kupitwa zimepungua hadi theluthi moja. Bila shaka mwendo una uzito mwingine mkubwa zaidi, maana gari la kilomita 30 kwa saa likimgonga mtu ana nafasi nzuri ya kuishi kuliko likiwa na 50. Ila hata kama ajali isingetokea kamwe, mwendo peke yake ungetosha kubadilisha hali ya mtaa.

Kuna kitu hesabu hii haikioni: magari yaliyosimama. Mtaa mwembamba wenye magari yaliyoegeshwa pande zote mbili unabana baiskeli kati ya milango na magari yanayopita. Mlango mmoja ukifunguka ghafla unachukua karibu mita nzima. Mpanda baiskeli mzoefu anakaa katikati ya mtaa na kulifanya gari la nyuma lisubiri. Mgeni hujibana pembeni, pale pale pa hatari. Alama za baiskeli zikichorwa katikati ya mtaa kabisa zinawasaidia watu wa aina hii kuliko kibao chochote, kwa sababu zinamwonyesha dereva na mpanda baiskeli kwa pamoja nani anakaa wapi. Ujerumani ilikwenda mbele ya hapo na kuingiza mtaa wa baiskeli kwenye sheria zake za barabarani mwaka 1997: baiskeli zinaruhusiwa kwenda sambamba, mwisho wa mwendo ni 30, na gari likiruhusiwa linaingia kwa masharti hayo.

Nguzo mbili na sanduku la maua

Mitaa tulivu kweli ni michache, kwa sababu mtaa uliopo karibu na barabara yenye foleni hugeuka njia ya mkato. Simu za madereva zinaijua. Kuuweka mtaa kama huo kwenye ramani ya baiskeli bila kuufanyia kitu ni kuwaelekeza waoga kwenye njia ya mkato ya watu wenye haraka.

Dawa yake kuu haina ufundi mkubwa. Mahali fulani katikati ya mtaa unaweka nguzo fupi, au masanduku ya maua, gari lisipite moja kwa moja lakini baiskeli, mtembea kwa miguu na kiti cha magurudumu vipite. Kila nyumba bado inafikika kwa gari. Ni upande wa kuingilia tu ndio unaobadilika. Bryant Street huko Palo Alto, California, ilifanywa hivi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuwa mfano kwa miji mingine ya Marekani. Waliongeza jambo moja dogo lenye athari kubwa: alama za kusimama zilizokuwa zikimkabili mwendesha baiskeli kila baada ya nyumba chache zilihamishiwa mitaa inayokatiza. Kusimama na kuanza upya huchosha mapaja kuliko umbali wenyewe, na ni jambo ambalo dereva mwenye injini hawezi kulihisi.

Nguzo zenyewe zinataka umakini. Nafasi kati yake ikizidi, gari dogo linapenya. Ikibanwa mno, baiskeli ya mizigo yenye sanduku la watoto mbele inakwama. Mita moja na nusu hivi huwa inafaa. Moja kati ya nguzo huwekwa ya kukunjwa au kufunguliwa kwa ufunguo, gari la zimamoto lipite. Zote zipakwe rangi inayong'aa, kwa sababu nguzo ya kijivu usiku ni mtego kwa huyo huyo iliyowekwa kumlinda. Matuta nayo yana maumbo mengi. Lenye mgongo wa mviringo laini linapunguza mwendo wa gari bila kumrusha mwenye baiskeli. Tuta la kukatwa wima humwadhibu mwenye baiskeli kwa kosa la mwenye gari.

Malalamiko huja hapa, na si yote ya kupuuzwa. Jirani wa mtaa wa pili atasema magari yatahamia kwake, na ukizuia mtaa mmoja peke yake yuko sahihi. Ndiyo maana wapangaji makini hawashughuliki na mtaa, wanashughulika na eneo zima lililozungukwa na barabara kubwa, ili pasiwe na njia ya mkato yoyote ndani yake. Jirani wa barabara kubwa atasema basi yote yatakuja kwake. Hapo ushahidi ni tofauti na tunavyodhani. Sally Cairns, Carmen Hass-Klau na Phil Goodwin walikusanya mifano ya miji mbalimbali iliyopunguza nafasi ya magari, wakachapisha matokeo 1998; Cairns na Goodwin, pamoja na Stephen Atkins, wakayarudia 2002 wakiwa na mifano zaidi. Katika nusu ya mifano hiyo, karibu asilimia 11 au zaidi ya magari yaliyokuwa yakitumia barabara iliyopunguzwa nafasi hayakuonekana tena, hata kwenye mitaa ya jirani. Baadhi ya safari zilihama muda, nyingine zikafanywa kwa miguu, nyingine hazikufanyika. Haina maana kwamba kila barabara itapumua, na mahali pengine hali iliharibika. Ila madai kwamba kila gari linalozuiwa hapa lazima litokee pale hayana msingi.

Pale njia inapokatika

Tumefika kwenye barabara kubwa. Nyuma yako kuna mtaa wenye kivuli, mbele yako lango la bustani linaonekana kabisa, na katikati magari 1,800 kwa saa.

Mwendesha baiskeli anayeanza kutoka kusimama anahitaji sekunde 7 hivi kuvuka mita 12. Magari 1,800 kwa saa maana yake ni moja kila sekunde 2 kwa wastani. Yakija kwa kubahatisha, mapengo ya sekunde 7 ni kama matatu katika mia, na muda wa kusubiri ni karibu dakika nzima kwa wastani, jambo linalomaanisha kwamba siku nyingine ni dakika tatu. Mtu mzima mwenye haraka hasubiri dakika tatu. Anajirusha.

Weka kisiwa katikati. Sasa anavuka magari 900 ya upande mmoja, nusu ya upana, kwa sekunde 5. Hesabu ile ile inatoa kusubiri kwa sekunde 5 kila upande, jumla 10. Dakika nzima imeshuka hadi sekunde 10 kwa zege na kokoto kidogo, bila taa wala umeme. Sharti ni kwamba kisiwa kiwe na kina cha kutosha. Baiskeli ya kawaida ina urefu wa karibu mita 2. Kisiwa chenye kina cha mita 1.5 kinaacha gurudumu la nyuma, ambalo juu yake ndipo mtoto amekaa, kwenye njia ya magari. Ukipewa mchoro wa njia mpya uutolee maoni, chukua rula upime hapo kwanza.

Barabara zenye magari mengi zaidi zinataka taa ya kitufe. Vancouver imezizoea: kitufe kimewekwa ukingoni, mkono unakifikia bila kushuka. Daraja ni suluhisho ghali, lakini pale lilipo linabadilisha kila kitu. Kwenye njia ya kijani ya Copenhagen, daraja la Åbuen lililofunguliwa 2008 linavuka barabara yenye magari mengi kwa mteremko mpole kiasi kwamba hulazimiki kupunguza mwendo. Njia za chini ya barabara hufaa kama unaliona tundu la upande wa pili kabla hujaingia. Zisipokuwa hivyo, wengi hawatazikanyaga baada ya jua kuzama.

Na makosa ya makutano hudumu. Miaka ya 1950 Boston ilijenga barabara ya juu, Casey Overpass, katikati ya mlolongo wa Olmsted, kati ya Arnold Arboretum na Franklin Park. Bustani zilibaki zote mbili, nzuri kama zilivyokuwa, ila kiungo kati yake kikawa kivuli cha zege. Ilibomolewa 2015, ikajengwa barabara ya usawa wa ardhi yenye njia za baiskeli na za miguu. Zaidi ya nusu karne kwa pengo moja.

Ndani ya bustani, baada ya giza

Nimesema bustani ndiyo sehemu rahisi, na hilo ni kweli hadi saa kumi na mbili jioni.

Mchana tatizo ni msongamano wa watu wasiokwenda mwendo mmoja. Mbwa aliyefungwa kamba ndefu, mtoto anayejifunza kutembea, mzee mwenye mkongojo, na mtu anayewahi kazini kwa baiskeli ya umeme. Singapore imeweka mwisho wa kilomita 25 kwa saa kwenye viunganishi vya bustani. Namba inasaidia, lakini upana unasaidia zaidi, na kutenganisha njia mbili kwa ukanda wa nyasi kunasaidia kuliko vyote. Mstari wa rangi peke yake, kwa maoni yangu, huzalisha ugomvi: kila mtu anaujua upande wake na hakuna anayeuheshimu wa mwenzake.

Usiku ni suala jingine kabisa. Bustani nyingi za London hufungwa jua likizama. Hyde Park hufungwa kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Katika nchi za kaskazini, majira ya baridi jua huzama kabla watu hawajatoka kazini, hivyo njia inayopita kwenye bustani yenye kufuli inamfikisha mtu ofisini na kumwacha huko. Hata pasipo kufuli, njia yenye vichaka pande zote na isiyo na dirisha la nyumba linaloitazama inaachwa na wanawake kwanza, kisha na wengine. Taa zinasaidia, ingawa watetezi wa popo na wadudu watakuwa na la kusema, na wana haki. Njia iliyopangwa vizuri huwa na pacha wake wa usiku: mtaa wa karibu wenye taa na nyumba, uliowekewa alama kama njia kamili, si kama kichochoro cha dharura.

Wataalamu wa Uholanzi hupima njia ya baiskeli kwa mambo matano: ishikamane, iwe ya moja kwa moja, iwe salama, iwe rahisi kuendesha, na ivutie. Njia ya bustani hupata alama nyingi kwenye kuvutia, na huanguka kwenye yale mawili ya mwanzo. London iliyaona haya. Mpango wa Quietways ulitangazwa 2013 wakati wa Meya Boris Johnson, na njia ya kwanza, kutoka Waterloo hadi Greenwich, ikafunguliwa 2016. Palipowekwa vizuizi vya magari na vivuko vya maana, watu walikuja. Palipowekwa vibao tu, mpanda baiskeli alikata kona kumi na tano ili kukwepa barabara moja iliyonyooka, akapotea kwenye ya saba. Baadaye jina hilo likaachwa na njia zote zikawekwa chini ya jina moja, Cycleways, zenye vigezo vya ubora vinavyofanana; mpaka wa magari 500 nilioutaja umetoka humo.

Kona nyingi zinaua njia kwa sababu mtu hawezi kuikumbuka. Mkoa wa Limburg huko Ubelgiji ulipata jibu zuri 1995, wazo la mhandisi wa migodi Hugo Bollen: kila njia panda ina namba, na msafiri anakariri namba nne au tano badala ya majina ya mitaa. Mfumo huo umeenea Ubelgiji na Uholanzi kote.

Namba hizo zinahitaji mtu wa kuzipaka rangi upya. Hapa ndipo njia nyingi za bustani hufa polepole, bila habari kwenye vyombo. Sehemu moja ni ya idara ya bustani, inayofuata ni ya idara ya barabara, kivuko ni cha mamlaka ya barabara kuu, ukingo wa mfereji ni wa watu wa maji. Mizizi ikiinua lami, idara ya barabara itasema mti si wake, na idara ya bustani itasema lami si yake. Majani yakilowa yanateleza, na ratiba ya kufagia ya idara moja haijui ile ya nyingine. Singapore imelikwepa hili kwa kiasi kikubwa kwa kuuweka mtandao chini ya bodi moja ya bustani za taifa, yenye mamlaka ya kuzungumza na wenye mifereji. Kwingineko, kabla ya kuuliza njia itapita wapi, uliza nambari gani ya simu itapigwa tawi likianguka katikati yake, na nani atakayeipokea.